Mnanunua mashine ya vidole ya nini?

Haya, nimerudi. Najua nilikuwa kimya karibu mwezi mzima, na wapo mlioniandikia mkidhani nimehamishiwa Dodoma kuripoti Bunge. Sijahamishwa. Nipo hapa hapa Dar, joto lile lile, foleni ile ile, na leo nimekuja na hasira ya kitu ambacho wengine mtakiona kidogo sana. Mlango.

Ngoja nieleze. Jengo tunalopanga hapa katikati ya mji linataka kununua mfumo mpya wa kudhibiti watu wanaoingia na kutoka. Gazeti letu lina ghorofa moja na nusu (ile nusu nyingine ni ya kampuni ya bima, tunagawana nao choo). Meneja wa jengo akabandika tangazo ndani ya lifti, ile inayofanya kazi, kwamba kila mpangaji alete mwakilishi kwenye kikao cha kuchagua. Mhariri wangu akazungusha macho chumba cha habari kutafuta mtu asiye na stori siku ile. Basi, nikawa mwakilishi.

Nilikwenda na usingizi wangu. Nilitoka bila huo usingizi.

Kampuni tatu zilileta profoma. Ya kwanza ilileta kadi: unagonga kadi kwenye kisanduku ukutani, kinalia, mlango unafunguka. Ya pili ikaongeza alama za vidole. Ya tatu ilikuja na projekta, video yenye muziki, na kijana mmoja aliyevaa suti ya kumbana. Akatuonyesha vigeti vya vioo vinavyojifungua vyenyewe, mashine inayotambua sura yako ukiwa bado unatembea, na skrini kubwa ya mapokezi itakayompiga picha kila mgeni, kusoma kitambulisho chake na kutunza kila kitu mtandaoni, "salama kabisa". Bei yake ilikuwa karibu mara nne ya ile ya kwanza. Wapangaji wakaanza kutikisa vichwa kwa kuridhika.

Sasa sikieni maswali waliyouliza. Mama mmoja wa ofisi ya mawakili aliuliza kama vigeti vinapatikana kwa rangi ya dhahabu. Mzee wa kampuni ya uwakala wa forodha akauliza kama mashine ya vidole inaweza kuunganishwa na mishahara, ili anayechelewa akatwe hapo hapo bila barua. Mwingine akauliza kama jengo la jirani wanayo. Wanayo. Hapo mjadala ukawa kama umekwisha.

Nikanyoosha mkono. Nikauliza: hivi sisi huwa tunaibiwa nini?

Kimya. Meneja akafungua faili lake. Mwaka jana zilipotea kompyuta tatu za mkononi, zote ghorofa ya tatu, jioni moja. Mwizi alipita wapi? Mlango wa nyuma, ule unaotokea kwenye maegesho. Mlango ule una kufuli zuri tu. Ila mchana kutwa umewekewa tofali usijifunge, kwa sababu mama anayetuletea chai na vitumbua hupita pale akiwa na sinia mikono miwili, na wavuta sigara hupita pale, na kusema kweli hata mimi hupita pale nikichelewa ili nisikutane na mhariri. Nikauliza tena: kwenye hizi profoma tatu, mlango wa nyuma umo? Haumo. Hata kwenye moja. Zote tatu zimepangia lango la mbele, lenye marumaru, ambalo mwizi hakujisumbua nalo.

Jamani! Tunataka kutoa mamilioni kuimarisha mlango ambao haujawahi kuingiza mwizi, na ule uliomwingiza tunauachia tofali.

Hapo ndipo ninapogombana na biashara hii nzima, na siyo kwa jengo letu peke yake. Nendeni Posta, nendeni Upanga, nendeni Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, ingieni majengo yale ya vioo. Mfumo wa ulinzi unanunuliwa kama sofa la sebuleni: wageni watalionaje? Hakuna anayeanza na karatasi na kalamu kuandika jengo lina milango mingapi, nani anapita upi, saa ngapi, na tunamwogopa nani hasa. Hilo ni zoezi la asubuhi moja na halina gharama yoyote, labda ndiyo maana halifanyiki.

Sitaki kujifanya fundi. Chuo nilisoma mawasiliano ya umma, umeme naujua kwa kulipia luku. Lakini kazi yangu ni kuuliza, na wikiendi nzima nimeuliza na kusoma. Nikaanza na kadi.

Zile kadi za bei nafuu, pamoja na vile vidude vya kuning'iniza kwenye funguo, nyingi zinatumia masafa ya kilohezi 125. Kadi ya namna hiyo haina siri. Ina namba, na kisomeo chochote kikiikaribia inaitaja, kama mtoto aliyefundishwa kumwambia jina lake kila anayemuuliza. Kifaa cha kuinakili kinauzwa mtandaoni kwa bei ya chini kuliko simu ya kawaida, na kazi yenyewe ni ya sekunde chache. Mtu akisimama nyuma yako kwenye foleni ya daladala, kadi ikiwa mfuko wa nyuma, anaweza kuondoka na ufunguo wa ofisi yako na wewe bado unao.

Zipo kadi bora, zinazoongea na kisomeo kwa usimbaji fiche, lakini hata hapo lazima uulize ni zipi. Mifare Classic zilisambaa dunia nzima kwa jina la usalama. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud kule Nijmegen, Uholanzi, wakaonyesha jinsi siri yake inavyovunjwa. Kampuni iliyotengeneza chipu hiyo, NXP, ilikwenda mahakamani kuwazuia wasichapishe walichogundua, na Julai mwaka huo huo mahakama ya Arnhem ikakataa kuwazuia. Kadi za usafiri za London, Oyster, zilikuwa zinatumia chipu hiyo hiyo. Hayo ni mambo ya 2008. Sasa mimi nikamuuliza kijana wa kampuni ya kwanza, kaka, kadi zako ni za aina gani? Akanijibu, "Ni za kisasa." Nikamwomba anitumie karatasi ya maelezo ya kiufundi. Ikaja jioni. Kilohezi 125.

Kwa hiyo tukimbilie vidole? Ndivyo wenzangu kikaoni walivyoona. Kidole hakipotei, hakiazimwi, hakisahauliki nyumbani. Sawa. Lakini kadi ikiibiwa, unakwenda kwa meneja, anaifuta kwenye mfumo, anakupa nyingine. Alama ya kidole chako ikivuja utakwenda kwa nani akupe nyingine? Na usiniambie haivuji. Agosti 2019 watafiti wa usalama wa mitandao waliikuta hifadhidata ya BioStar 2, mfumo wa milango wa kampuni ya Suprema ya Korea Kusini, ikiwa wazi mtandaoni: rekodi zaidi ya milioni 27 na, kwa maelezo yao, alama za vidole za zaidi ya watu milioni moja, pamoja na picha za sura na majina ya kuingilia. Suprema siyo kampuni ya uchochoroni. Ni majina makubwa katika kazi hii. Yule kijana wa suti, yeye anauza mashine ambayo jina lake sikuwahi kulisikia, na nilipomuuliza seva ziko nchi gani akasema atauliza ofisini.

Halafu kuna hili ambalo wauzaji hawalitaji. Vidole vyote havifanani mbele ya mashine. Mimi ninayechapa habari kwenye kompyuta nitapita bila shida. Dada zetu wa usafi, ambao ngozi ya vidole imeliwa na sabuni na dawa za choo, mashine itawakataa. Fundi ujenzi itamkataa. Watasimama pale mbele ya vioo wakijifuta vidole kwenye nguo, wageni wakiwatazama, mpaka mtu wa mapokezi awaonee huruma. Nimeliona hili kwa macho yangu kwenye jengo moja, na yule dada aliomba radhi. Aliiomba radhi mashine.

Sisemi vidole visitumike popote. Chumba cha fedha, sawa. Stoo ya dawa, sawa. Na kama ni lazima, zipo njia ambazo alama hukaa kwenye kadi ya mwenyewe, siyo kwenye seva ya mtu. Ila kwa mlango wa kwenda kunywa chai?

Na kuna sheria. Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Alama za mwili zimo kwenye kundi la taarifa nyeti, ambazo haziguswi hivi hivi. Mwenyewe anatakiwa aridhie kwanza, tena kwa maandishi. Anayekusanya taarifa za watu anatakiwa ajisajili kwenye Tume na aseme anazikusanya kwa kazi gani. Nilipoyasema haya kikaoni, meneja aliandika neno "sheria" kwenye daftari lake na kulipigia mstari. Mjumbe mmoja akaniambia kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, mbona unachelewesha watu kula?"

Basi nikawachelewesha zaidi. Nikauliza: umeme ukikatika, mlango unakuwaje?

Kijana wa suti akafurahi, hili alikuwa amejiandaa nalo. "Hakuna shida bosi, kuna betri. Mlango unabaki umefungwa masaa manane."

Na moto ukiwaka?

Akatazama projekta yake kana kwamba jibu limo mle.

Hapa naomba msome polepole, maana suala la kadi na vidole likikosewa mtapoteza kompyuta, na hili likikosewa mtapoteza watu. Kufuli wanazotaka kutufungia ni za sumaku. Ni chuma kinachovutwa kwa umeme, na ndogo tu kati ya hizo inashikilia mlango kwa nguvu ya kilo 280 hivi. Mkimsukuma watatu hamtoki. Kwa maumbile yake kufuli hiyo huachia umeme unapokatika, ndiyo maana husemwa ni salama wakati wa moto. Lakini sisi, kwa kuwa tumezoea giza la TANESCO na tunaogopa wezi wa gizani, tunaiwekea betri. Na tukishaiwekea betri, moto unaweza kuunguza nyaya zote za jengo na mlango ukabaki umefungwa kama kawaida, ukilindwa vizuri kabisa.

Dawa yake ipo na siyo ngumu. King'ora cha moto kikilia, kikate umeme wa kufuli moja kwa moja, pamoja na ule wa betri. Kando ya mlango, kwa ndani, kiwepo kile kisanduku cha kijani cha kuvunja, ambacho nacho kinakata umeme wenyewe badala ya kupeleka ombi kwenye kompyuta. Au tumia aina nyingine ya kufuli kabisa, ambayo kwa nje imefungwa lakini kwa ndani ukishika kitasa inafunguka, umeme uwepo usiwepo. Niliangalia profoma zote tatu kutafuta hivyo vitu. Kwenye moja kulikuwa na "kitufe cha kutokea", ambacho ukikibonyeza kinaiomba kompyuta ifungue. Kompyuta yenyewe itakuwa ghorofa ya pili, inaungua.

Msidhani natunga vitisho. Januari 2009 duka la Nakumatt Downtown lilipoungua katikati ya Nairobi, zaidi ya watu 20 walikufa, na manusura kadhaa walieleza kwamba milango ilifungwa ili watu wasiibe bidhaa. Rudi nyuma zaidi, New York, Machi 25, 1911, kiwanda cha nguo cha Triangle: watu 146, wengi wao wasichana wahamiaji. Mlango mmoja wa ngazi ghorofa ya tisa ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, ili wote watokee upande mmoja na mabegi yao yakaguliwe kama hawakuiba vitambaa. Huo nao ulikuwa mfumo wa kudhibiti watu wanaoingia na kutoka. Ulifanya kazi uliyopewa.

Jengo letu lina ghorofa nane. King'ora cha moto? Lipo sanduku jekundu ukutani karibu na lifti. Meneja anasema litatengenezwa.

Najua mtaniambia nini. Wengine mmeshaanza kuandika. Westgate! Dusit! Dunia imebadilika, kijana, unataka tukae milango wazi?

Sikatai. Septemba 2013 watu 67 waliuawa Westgate. Januari 2019 watu 21 kwenye majengo ya DusitD2. Sitanii na hayo, niliyafuatilia kama mlivyoyafuatilia. Lakini waliofanya yale walikuja na bunduki na mabomu. Hawakusimama mapokezi kusubiri kupigwa picha. Kigeti cha kioo cha rangi ya dhahabu kingewachelewesha kwa muda gani? Kama ni hao tunaowaogopa, basi tuzungumzie magari yanayoingia maegesho, njia za kutokea, mawasiliano na polisi, mazoezi ya watu kukimbia. Hakuna profoma iliyogusa hata kimoja.

Tena tukitaka kujifunza kutoka siku mbaya, tukumbuke Agosti 7, 1998. Ubalozi wa Marekani Nairobi, lori la bomu lilifika geti la nyuma na walinzi wa kawaida, Wakenya, wasio na silaha, wakakataa kulifungua. Watu zaidi ya 200 walikufa siku ile, wengi mno, na lori lile lingeingia ndani sijui tungehesabu wangapi. Mfumo uliofanya kazi pale ulikuwa mtu mwenye sare ambaye aliambiwa fungua akasema hapana.

Sasa njoo kwetu. Mzee wetu wa getini, shikamoo yake, amekaa pale miaka mingi kuliko meneja. Anajua nani mfanyakazi, nani mdai, nani mume wa nani. Jioni ile kompyuta zilipoibwa alikuwa wapi? Alikuwa maegesho ya mbele anaosha gari la mpangaji mmoja, ametumwa, maana kwetu mlinzi ni wa kutumwa: osha gari, nunua vocha, beba maboksi. Amri ya kima cha chini cha mshahara iliyoanza Januari 2023 iliwawekea walinzi wa kampuni ndogo shilingi 148,000 kwa mwezi, na wa kampuni kubwa 222,000. Huyo ndiye tunayemkabidhi funguo zote usiku. Nilipendekeza sehemu ya fedha za vigeti iende kumwongeza mlinzi wa pili, wa mlango wa nyuma, na kuwalipa wote vizuri wasitumwe. Watu walicheka. Hawakucheka kwa ubaya, walidhani ni utani.

Sasa niseme kile ambacho sikukisema kikaoni.

Miaka miwili iliyopita nilikuwa nafuatilia habari ya manunuzi kwenye ofisi moja hapa mjini. Sitaitaja. Dada mmoja wa uhasibu alinipigia simu, ana nyaraka. Akataka tukutane mbali, Mbagala huko, kwenye mgahawa wa shemeji yake. Mimi nilikuwa na haraka, mhariri ananisukuma, nikamwambia dada, nakuja hapo hapo ofisini kwako saa ya chakula, nani atanijua? Akasita, akakubali.

Mapokezi nikapewa daftari. Mnalijua daftari hilo: jina, unakotoka, namba ya simu, unayemwona, sababu, saa ya kuingia. Nikaandika jina langu. Nikaandika jina la gazeti. Nikaandika jina lake, yote mawili. Kwenye sababu nikaandika "binafsi", nikajiona mjanja. Mistari ya juu yangu niliweza kusoma majina na simu za watu kumi na kitu, na sikujiuliza nani atausoma wa kwangu.

Habari ilitoka wiki mbili baadaye. Jina lake halikuwemo, cheo chake hakikuwemo, nilipima kila sentensi. Wakubwa wake hawakuhitaji kupima sentensi. Waliagiza daftari kutoka mapokezi, wakarudisha kurasa, wakatafuta jina la gazeti. Kwanza ilikuja barua ya uhamisho kwenda kitengo kisicho na kazi. Halafu mkataba wake ulipoisha haukuongezwa. Ana watoto wawili. Nchi hii ina sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa za uhalifu, nimeisoma, lakini barua aliyopewa haikusema popote kwamba anaadhibiwa.

Nilimpigia simu kuomba radhi. Hakunifokea. Akaniambia, "Mdogo wangu, wameniwekea daftari mezani. Ulikuwa umeandika jina langu kwa mwandiko mzuri kabisa."

Kosa ni langu. Sijawahi kulisema hadharani na leo nimelisema. Ila tangu siku ile kila mlango nauangalia kwa jicho jingine. Yule kijana wa suti alipofika mwisho wa video yake alisema, kwa fahari, kwamba mfumo wao unatunza kila mgeni, picha yake, kitambulisho chake na mwenyeji wake, na kwamba mwenye ruhusa anaweza kuandika jina tu na kuona nani alimtembelea nani hata miaka mitano nyuma. Wenzangu walipiga makofi. Mimi nilihesabu wanaonitembelea pale gazetini: mwalimu aliyeleta orodha ya wanafunzi hewa, kijana wa bandarini, muuguzi aliyekuja na sare chini ya mtandio. Daftari la karatasi angalau huliwa na mchwa. Wakurasa wake huchanwa kufungia karanga. Hili jipya litakaa pale linasubiri mtu wa kuliuliza.

Na siyo waandishi tu, kabla hamjasema nahubiri ya kwangu. Ghorofa ya pili kuna mawakili. Ghorofa ya tano kuna kliniki. Mume gani, mwajiri gani, asingependa kuandika jina moja kwenye kisanduku kile na kuona?

Kikao cha pili ni Alhamisi. Nimeshaandika barua ya ukurasa mmoja kwa meneja, nakala kwa wapangaji wote. Nimeomba mlango wa nyuma uwe wa kwanza, uwekewe kufuli la kitasa cha ndani na kengele inayolia ukiachwa wazi zaidi ya dakika moja, na mama wa chai apewe kadi yake kama sisi. Kadi ziwe za usimbaji fiche, aina itajwe kwa jina kwenye mkataba. Vidole na sura, hapana. Hakuna sumaku kwenye mlango wa ngazi mpaka king'ora kitengenezwe na watu wa Zimamoto waje kuona mlango ukiachia kwa macho yao. Mgeni aandikwe jina na saa ya kuingia, asiulizwe sababu, na kila kitu kifutwe baada ya siku 30. Na mlinzi wa pili.

Mawakili wameniunga mkono kwenye hilo la siku 30, nadhani wamefikiria wateja wao. Mzee wa forodha amenipigia mwenyewe, anasema naye yuko nami kwa mambo yote ila vidole, kwa sababu ya wachelewaji wake. Tunaendelea kubishana. Kijana wa suti amenitumia ujumbe akiniomba tukutane tuongee pembeni, nimemjibu kikao ni Alhamisi.

Ninyi wenye majengo ya vigeti vya vioo, niambieni hapo chini: mlango wenu wa nyuma ukoje? Na ngazi zenu, mmewahi kujaribu kushuka mpaka chini kutoka nje bila kadi?

Wetu, tofali bado lipo. Nimeliruka leo asubuhi, nilikuwa nimechelewa.